Ng'ombe Walionitoa kwa Baba

Kwa kaka yangu Masele,

Shikamoo kaka. Mimi mdogo wako Paskazia ni mzima, napumua, mikono inafanya kazi. Eunice na wadogo zake wazima, wanakuamkia mjomba wao. Sijui hali yako. Mara ya mwisho kwenye simu uliniambia miguu imevimba, kutoka nje mpaka ushikwe mkono. Tangu hapo simu yako mara haipatikani, mara inaita haishikwi. Naomba Mungu miguu iwe imepungua. Mama natumaini anameza uji vizuri. Ulimi wake najua haujarudi tangu kiharusi kile, lakini masikio anayo, mpe salamu zangu karibu na sikio. Wifi yangu Suzana nimesikia yuko kwao, anamwangalia baba yake. Na pamba nimesikia imewakubali mwaka huu. Basi mhola, ni salama tu.

Naandika kwa sababu kwenye simu unanikatia maneno. Shule yangu unaijua ilipoishia, kwa hiyo soma polepole. Nataka ujue mirathi ya mume wangu Eliya, Baba Eunice, inavyokwenda, tangu mwanzo. Wewe tulipomaliza matanga pale Didia kwa kina Eliya uliondoka asubuhi, ukasema pamba inakungoja. Mengine hukuyaona. Nakuhadithia.

Kalisti sikumwamini tangu siku ya msiba. Ni mdogo wake Eliya wa tumbo moja, lakini maiti haijatoka hospitali yeye ameshachukua simu ya marehemu na funguo. Nikamuuliza za nini. Akasema anazitunza, msibani wezi hawakosi. Mwizi gani msibani, wakati waliokuwepo ni sisi tu.

Ile nyumba ya Nyahanga, pale Kahama, unaijua. Bati lile la juu ni mawe ya dhahabu. Eliya alikuwa anashuka duarani, shimoni kule Katoro, anapandisha mawe, mimi naponda kwenye karasha. Vumbi tulikula wote wawili, yeye ndiye likamkaa kifuani. Hatukujenga ili tukae jana wala leo. Tulijenga ili kifua kikichoka tuwe na pa kulala mjini, karibu na hospitali. Kalisti tulimweka mle alinde, maana nyumba tupu wanang'oa mpaka milango. Sasa mlinzi ndiye anataka kuitwa mwenye nyumba.

Kikao cha ukoo kilikaa siku ileile uliyoondoka. Kabla ya mirathi kuna mzee mmoja wa Didia akaanza kusema kwamba kijana kama Eliya hafi hivihivi, kuna mtu, twende kwa mganga tuulize. Na alikuwa ananiangalia mimi. Nikasema kama mnataka kumjua aliyemuua Eliya njooni machimboni mvute lile vumbi mwezi mmoja tu, mtamjua bila kuuliza mtu. Wakahamia kwenye mirathi. Ukoo wakasema Kalisti awe msimamizi wa mirathi, kwa sababu mwanamke aliyefiwa hawezi kuzunguka maofisini. Nikawaambia kiroba cha mawe nabeba kichwani, karatasi zitanishinda nini. Wakacheka. Mmoja akasema mwanamke wa machimbo mdomo wake una baruti. Mwisho nikakubali, nikasema sawa, ila mimi na watoto tuandikwe. Wakasema mayu, mama, hilo nalo la kusema? Nikasema wabeja, asanteni, nikarudi Katoro kuponda mawe.

Kimya. Nampigia Kalisti, ananiambia shemeji mambo ya mahakama ni ya polepole, wewe endelea na kazi. Nikimpigia tena ananiuliza hali ya kazi. Mtu ambaye hajawahi kuniuliza hali yangu maisha yake yote. Hapo nikajua kuna kitu. Nikaomba ruhusa karasha, nikaenda Kahama bila kumwambia mtu.

Mahakama ya mwanzo pale ina ubao nje, wanabandika matangazo. Nikasimama nasoma kwa kidole mpaka nikalikuta jina la Eliya. Limebandikwa kwamba Kalisti ameomba kusimamia mali, mwenye pingamizi aseme. Nikaingia kwa karani. Nikamuuliza mke yuko wapi humu. Akafungua faili, akaangalia, akaniangalia mimi. Akasema mama, mleta maombi anasema kaka yake hakuacha mke. Nikamwambia mimi ni nani basi, nimesimama hapa na nguo nyeusi kwa ajili ya nani. Akasema mimi sijui, mimi naandika ninacholetewa, kama una pingamizi lete.

Nikampa pingamizi. Lakini huyo karani nikamshuku pia, kwa sababu nilimkuta anakunywa chai na Kalisti kwenye benchi, wanapigana mabega kama watu waliotahiriwa pamoja. Kila alichoniambia nikakiuliza kwa mtu mwingine kwanza. Akisema nenda kwa mtendaji wa kijiji upate barua, nauliza nje. Akisema cheti cha kifo kinatolewa nakala, nauliza nje. Nikaona hanidanganyi. Ndio mara ya kwanza nikaona nimemshuku mtu bure. Haikuwa ya mwisho.

Siku ya shauri Kalisti alikuja amevaa koti la Eliya. Lile la kahawia, alilovaa Eliya siku anatutembelea kwetu mara ya kwanza. Hakimu ni mama, kijana kijana, anaongea taratibu. Akamwambia Kalisti aeleze. Kalisti akasema huyu mwanamke marehemu alimpata machimboni, alikuwa anampikia. Akasema kule machimboni watu wanakaana tu, mawe yakiisha kila mtu anachukua ndoo yake anaondoka. Akasema hakuna ng'ombe aliyetoka Didia kwenda kwetu Kishapu kwa ajili yangu, hata mmoja. Akasema na wale watoto damu ni ya kaka yake hakatai, lakini kwa mila yetu sisi Wasukuma, mtoto ambaye mama yake hakutolewa ng'ombe ni wa wajomba zake. Kwa hiyo hawana nyumba Nyahanga, kwao ni Kishapu.

Kaka, unanijua. Mimi silii mbele ya watu.

Hakimu aliniuliza kama tulifunga ndoa kanisani. Nikasema hapana, padri alitusubiri na sisi tulisubiri mawe. Akasema sheria inawatambua watu waliokaa pamoja miaka mingi wakaonekana mke na mume, na watoto haki yao iko palepale, nisiogope. Lakini mwenzangu ameleta suala la mahari, na wazee wake wa Didia wamekuja kusema hawakumbuki ng'ombe yeyote, kwa hiyo yeye hakimu anataka kusikia upande uliopokea. Nani alipokea? Nikasema baba yangu, amekufa. Mkwe wangu aliyewatoa amekufa. Mshenga amekufa. Mama yupo ila hasemi. Hakimu akaniuliza hakuna mwingine? Nikasema yupo. Kaka yangu Masele. Yeye ndiye aliyefungua zizi wakaingia.

Nilisema jina lako kwa sauti, kaka. Na niligeuka nikamwangalia Kalisti, nione atakavyobadilika uso. Hakubadilika. Aliangalia viatu vyake akatabasamu. Jambo hilo nilitembea nalo mpaka Katoro. Mtu anadanganya mahakamani, anasikia shahidi anatajwa, anatabasamu kwa nini?

Nilikupigia, ukakubali. Ukasema nitakuja mdogo wangu, hao watanitambua. Nikalala vizuri siku ile.

Siku ilipofika nilikaa nje ya mahakama tangu asubuhi, kila basi la kutoka Shinyanga naangalia wanaoshuka. Ukapiga simu. Ukasema miguu. Nikaingia ndani nikamwambia hakimu kaka yangu ameshindwa kufika, anaumwa. Nilisema anaumwa tu. Kalisti akasimama akasema mheshimiwa, miguu ni ugonjwa wa kuonea huruma, tuahirishe. Hakimu akaahirisha. Tulipotoka Kalisti akanipita kwenye ngazi, akaniambia shemeji usihuzunike, labda hao ng'ombe wako wamempoteza njia kaka yako.

Mimi sikutaja miguu. Nilitaja kuumwa. Aliijuaje miguu?

Hapo nikaanza kuwashuku watu wote. Nani alinisikia nikiongea na wewe kwenye simu? Nikakumbuka. Raudha alipita pale.

Raudha humjui. Au niseme sikudhani kama unamjua. Ni mama wa pale Nyahanga, Mwislamu, mjane kama mimi, ana hoteli ya chakula jirani na nyumba yetu. Anapeleka chai mahakamani. Nilipokuwa naongea na wewe alinipita na chupa. Na huyu nilikuwa na neno naye tangu zamani. Eliya alipokuwa anakwenda hospitali Kahama, mimi nikibaki kazini ili tupate nauli, akirudi Katoro kila mara ni Raudha kasema hivi, Raudha kafanya vile. Halafu siku ya mazishi Raudha alikuja mpaka Didia akalia kuliko mimi. Wanawake waliniangalia. Nikasema haya, kumbe. Mwanamke wa pili ndiye huyu, na ndiye anayempelekea Kalisti maneno yangu, ili nyumba ibaki, wagawane.

Nikaenda kumtukana. Nilikwenda mchana, watu wamejaa wanakula, nilitaka wasikie. Nikamwambia mbele yao kwamba amekula mume wangu akiwa mzima, sasa anataka kula na bati. Kuna mteja alicheka. Raudha hakupandisha sauti. Akafunika sufuria, akafuta mikono kwenye khanga, akaniambia dada kaa, ukimaliza kutukana utapata njaa. Nikakaa kwa hasira.

Akaniambia hivi. Eliya akitoka hospitali alikuwa anamkuta Kalisti amefunga nyumba amekwenda zake kwenye bao. Mgonjwa anakaa kwenye ngazi ya nyumba yake mwenyewe, anakohoa juani. Raudha ndiye alikuwa anamwita ndani, anampa uji na mkeka. Akasema nililia kule Didia kwa sababu mimi ndiye niliyemwona akiisha, wewe ulikuwa unatafuta nauli, na ndugu yake alikuwa anatafuta kete. Akasema kama huo ndio uzinzi, haya, andika na mimi kwenye pingamizi lako.

Niliomba maji ya kunywa.

Wakati nakunywa nikaona nyuma ya mlango, pale anapopanga madumu, kuna fimbo.

Nilisimama na kikombe mkononi. Fimbo ile ina waya wa shaba umezungushwa kwenye mshiko. Chini imeungua upande mmoja, mahali ulipoichomeka motoni ukiwa mdogo, ukachapwa na hiyohiyo. Ni fimbo ya baba. Baba aliishika siku ile wanaletwa ng'ombe wa kina Eliya. Alisimama mlangoni mwa zizi, kila ng'ombe akiingia anamgusa mgongoni nayo, anasema huyu nimempokea. Wewe ulikuwa umeshika mti wa mlango. Mimi nilikuwa natazama kwenye upenyo wa jikoni, nimekatazwa kutoka. Baba alipokufa ukaichukua. Hujawahi kwenda mahali bila hiyo.

Nikamuuliza Raudha hii ya nani. Akasema ya mzee mmoja wa Kishapu, aliisahau. Alikuja na shemeji yako Kalisti, wakala hapo kwenye meza ya dirishani. Nikamuuliza lini. Akasema siku ileile shauri lako lilipoahirishwa, asubuhi. Nikamuuliza alikuwa mgonjwa? Alikuwa ameshikwa mkono? Raudha akashangaa. Akasema mgonjwa gani, alikula wali na maharage akaongeza supu, akatoka kwa miguu yake mpaka stendi.

Kumbe ulinipigia ukiwa pale. Mimi niko nje ya mahakama naangalia mabasi, wewe uko barabara ya pili unakunywa supu.

Kaka, nilitaka isiwe wewe. Nikajiambia labda fimbo umeiuza, labda imeibiwa mnadani, watu wanafanana. Nikatoka nje nikakupigia. Ikaita. Ukakata. Nikarudi nikamuuliza Raudha walikuwa wanaongea nini. Akasema yeye hasikilizi wateja, ila neno moja lilimkaa kwa sababu hakulielewa. Kalisti alisema, wewe chukua za Tarime, mimi niachie bati. Na wote wawili wakacheka.

Raudha hakuelewa. Mimi nilielewa hapohapo.

Ni mimi niliyekwambia. Tulikuwa tumekaa kwenye majivu ya moto wa matanga, pale Didia. Nilikwambia Eunice amepata mchumba, anaitwa Marwa, kijana mtulivu, alikuwa duara moja na Eliya, kwao Tarime, na watu wa kwao ni watu wa ng'ombe, wameshasema watakuja. Ukaniuliza wangapi. Nikafurahi. Nilidhani unafurahi na mimi.

Sasa nalisema, tusizunguke. Kama ng'ombe wangu walikuja, Eunice ni mtoto wa Eliya, na ng'ombe wake wataingia upande wa Eliya, na siku moja George mdogo wake ataoa kwa hao. Kama ng'ombe wangu hawakuja, Eunice ni wa wajomba zake. Mjomba ni mmoja, ni wewe. Wewe unapata ng'ombe wa Tarime, Kalisti anapata nyumba ya Nyahanga, na mimi nachukua ndoo yangu naondoka. Mmegawana mbele ya sahani ya maharage. Hukutakiwa hata kusema uongo. Ulitakiwa usije tu.

Nilimshuku karani. Nilimshuku Raudha, nikamtukana mbele ya watu. Hata huyo Marwa wa watu nilimshuku, nikamuuliza Eunice mbona kijana amekuja haraka hivi msibani. Kila mtu nimemshuku isipokuwa mtu niliyenyonya naye ziwa moja. Wewe ndiye ulinifundisha kukamua. Wewe ndiye uliyelala nje na fimbo kunilinda nilipokuwa mwali, watu wasije wakachungulia.

Lakini kuna kitu umekisahau, na Kalisti hakijui.

Wale ng'ombe walionitoa mimi kwa baba, walikwenda wapi? Hawakukaa hata mpaka mvua za pili. Ulikuwa unataka kuoa, baba hakuwa na kitu, akasema ng'ombe wa dada yako ndio mke wako, wachukue. Ukawaswaga wewe mwenyewe. Yule mwekundu wa pembe iliyovunjika, aliyekuja na pembe hiyohiyo kutoka Didia, aligoma kuvuka mto, ukamvuta kwa kamba ukaanguka kwenye matope, watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Walikwenda kwa mzee Luhende. Wakamleta Suzana.

Kwa hiyo ukisema hawakuja kwangu, Suzana umemwoa kwa ng'ombe gani? Kama mimi nilikuwa mpishi tu, yeye ni nani? Na wale wanao, kwa mila hiyohiyo mliyoipeleka mahakamani, ni wako au ni wa wajomba zao?

Nilimfuata Suzana mnadani Mhunze. Nilimkuta anauza dengu, nikakaa naye chini pale kwenye turubai. Nikamweleza yote kama ninavyokueleza wewe. Alikuwa anachagua mawe kwenye dengu, akaendelea kuchagua. Halafu akaniambia wifi, kumbe miaka yote hii nampikia mwanamume ambaye hajanioa. Akacheka. Akapima dengu za mteja, akampa. Halafu akaacha kucheka. Akakunja turubai mapema, akasema twende kwa baba.

Barua hii sikuiandikia Katoro, kaka. Nimekaa kwa mkweo, mzee Luhende, kwenye kigoda cha jikoni. Suzana hakuja hapa kumuuguza baba yake, hayo ni ya kusemwa tu. Mzee ni mzima, ni macho tu. Nilipomuuliza kuhusu ng'ombe wa Suzana, kabla sijataja kitu akaniuliza unasema yule mwekundu wa pembe iliyovunjika, wa kutoka kwa wakwe zenu wa Didia? Akamtaja na mto. Akakutaja na wewe na matope. Vizazi vyake viko hapa zizini mbele yangu, pembe ni nzima lakini rangi ni ileile.

Mzee amesema Jumanne, siku shauri linaposikilizwa tena, atakwenda Kahama, hata kama ni kupandishwa bodaboda. Hajauliza kwa nini wewe huendi. Ni mkwe, anakuheshimu. Lakini amenyamaza vibaya.

Suzana naye amesema nikuandikie hivi, na amekaa hapa ananiangalia nikiandika. Kama ng'ombe walikuja, yeye ni mke wako, njoo umchukue, atapika kama siku zote na hatalisema tena. Kama hawakuja, amesharudi kwao, anangoja kuolewa. Amesema wanaume wenye ng'ombe hawajaisha Kishapu.

Mimi hakimu sijamwambia kuhusu hoteli ya Raudha. Eunice sijamwambia, bado anasema mjomba miguu yake itapona atakuja. Mama sijamwambia, na wewe usimwambie, tusimwongezee. Ukija Jumanne ukasimama ukasema walikuja, niliwafungulia zizi mimi, basi miguu ilivimba na ikapona. Nitasema hivyo kwa yeyote atakayeniuliza, mpaka nazikwa. Usipokuja, watasema wengine, na watasema yote.

Za Tarime uzisahau. Ni za watoto wa Eliya.

Nisalimie majirani wote wanaoniulizia. Dada Esta mwambie mbegu zake za mlenda ninazo. Mama mshike mkono kwa niaba yangu, ule wa kulia ambao bado una nguvu. Watoto wako wabusu, hawana kosa. Nakuombea afya, na hilo sisemi kwa kejeli.

Fimbo ya baba, Raudha alinipa. Nimeiegemeza hapa mlangoni kwa mkweo, inaonekana tangu njiani. Njoo uichukue kabla ya Jumanne. Njia unaijua, ndiyo uliyowapitishia ng'ombe.

Ni mimi mdogo wako,
Paskazia, Mama Eunice